Damu ya Siku ya Homa

Pale maabara walimwita Mzee Povu, na jina lenyewe lilikuwa kejeli tupu, maana beseni lake lilikuwa halijaona povu kwa miezi miwili. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo, vile vipande vyembamba, virefu kama kidole, vinavyopakwa damu ya mgonjwa, ikakaushwa, ikatiwa rangi, ikatazamwa kwa darubini. Penye wakubwa wenye huruma kioo hutumika mara moja kikatupwa. Hapa kilioshwa mpaka kikachubuka. Sabuni ilipokwisha alimwendea Mkuu wa maabara, akamwambia kwa mdomo. Akajibiwa alete ombi kwa maandishi. Mtu aliyeishia darasa la tatu ataandika nini? Akaenda tena kwa mdomo, akaenda mara ya tatu, kisha akachoka, akawa anasuuza kwa maji matupu. Mkuu alikuwa na kiti cha kuzunguka, na muda mwingi alikizungusha kuelekea dirishani.

Mke wa Mzee Povu alikuwa amefariki mwaka uliopita, karatasi tatu chini ya mto wake, zote zimeandikwa neno moja: Hakuna. Homa ilimpanda siku tatu, ikashuka siku nne, ikapanda tena, na kila alipopimwa, hakuna. Baada ya mazishi ndipo Dada wa Darubini, mpimaji wa kike aliyekuwa na desturi ya kumwamkia kila asubuhi, alipomweleza kwa sauti ya chini.

"Mzee wangu, mimi nadhani ilikuwa homa ya papasi. Wale kupe wa kwenye nyufa za ukuta, wanaouma mtu akiwa usingizini. Vijidudu vyake vinaonekana kwenye damu homa ikiwa inawaka. Ikishuka, vinajificha, utatazama mpaka macho yatoke."

"Na marehemu mlimpima lini?"

Dada akanyosha kidole. Jibu lilikuwa limebandikwa mlangoni: damu ya wagonjwa wa nje itachukuliwa Jumatatu na Alhamisi tu, amri ya Mkuu, ili taa ya darubini isiungue mapema. Homa ya papasi haikuwa imeisoma amri hiyo. Kila mara marehemu aliungua Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu akafika maabara amepoa kama maji ya mtungi.

Tangu hapo Mzee Povu aliziba nyufa za nyumba yake kwa udongo na majivu, kila ufa alioweza kuuona. Lakini papasi hahitaji mlango. Mwezi wa saba wa mimba yake, bintiye wa pekee, aliyerudi kwa baba kujifungua kwa sababu mumewe alikuwa kibarua mbali, alianza Jumatatu jioni kutetemeka meno. Jumanne alikuwa moto. Jumatano alikuwa moto zaidi, akilalamika kwamba kichwa kinampasuka.

Mzee Povu alifika kazini Jumatano ile bila kuvua kofia, akasimama mbele ya kile kiti.

"Bwana mkubwa, binti yangu anaungua. Naomba apimwe leo."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Na mlangoni pameandikwaje?"

"Kesho atakuwa amepoa. Mama yake mlimfanyia hivyo hivyo."

"Mzee Povu," Mkuu akasema, akizungusha kiti taratibu, "wewe umekuwa daktari siku gani? Maji ya beseni yamekupanda kichwani?" Wawili waliokuwa wakisubiri kugongewa muhuri wakacheka. Wangefanyaje, na muhuri anao yeye?

Saa ya chakula Mzee Povu alichukua kioo kimoja kutoka kwenye trei ya vioo alivyoosha asubuhi, akatia mfukoni pamoja na sindano ya kuchomea kidole, akaenda nyumbani mbio kama mwizi. Kwa miaka tisa alikuwa ameona kazi ile ikifanywa. Akamfuta binti kidole, akachoma, akapaka tone, akalipepea likakauka.

"Baba, sasa umekuwa daktari?"

"Ndivyo wanavyosema huko. Tulia."

Alhamisi ikafika na homa ikashuka, kama alivyojua. Binti alitembea mwenyewe mpaka maabara, kalowa jasho, akachukuliwa damu kwa utaratibu, akarudi kulala. Dada wa Darubini akatazama ile ya utaratibu: hakuna. Mkuu alipotoka, Mzee Povu akatoa kile kioo cha Jumatano kwenye kipande cha gazeti. Dada akakitia rangi, akakaza jicho.

"Vipo," akasema. "Vimejikunja kama nywele iliyoungua. Papasi kabisa."

Mzee Povu akamsogezea kalamu. "Basi andika apewe dawa."

Dada hakushika kalamu. "Kioo hiki ulikitoa wapi?"

"Kwenye trei."

"Uliviosha na nini, mzee wangu?"

Hapo ndipo dunia ilipombana. Dada akamweleza pole pole, kama anayemtoa mtoto mwiba. Kioo kisichooshwa vizuri hubaki na damu ya jana. Vijidudu vile huenda ni vya mtu mwingine kabisa. Na dawa ya papasi si ya kubahatisha kwa mjamzito: inaviua vijidudu kwa mpigo mmoja, mwili ukatetemeka vibaya, mimba ikaweza kutoka. Kama ni papasi, itabidi hivyo hivyo, maana papasi mwenyewe ataua wote wawili. Kama si papasi, mtoto atakuwa ameuawa bure.

"Kama uliviosha kwa sabuni, niambie tu. Nitaandika sasa hivi."

Neno sabuni lilimfika Mzee Povu kwenye ncha ya ulimi. Alilionja. Nani angejua? Wakubwa wanadanganya kwa karatasi nzima na wanapandishwa vyeo, yeye neno moja tu lingemshinda? Lakini akayakumbuka maji ya beseni lile, yalivyokuwa mekundu akiyamwaga.

"Maji matupu," akasema. "Miezi miwili sasa."

Dada akafunga macho. Labda alikuwa akihesabu watu waliotibiwa kwa majibu ya damu za wenzao. Kisha akafungua droo yake, akamtolea vioo vitatu vipya, bado viko kwenye karatasi ya kiwandani.

"Homa itarudi. Ikirudi tu, saa hiyo hiyo, chukua damu ulete. Mkuu niachie mimi."

Ikaanza kazi asiyomwombea hata adui: kungoja mwanawe aumwe. Kila asubuhi alimwekea kiganja kwenye paji la uso, na kiganja kikirudi kimepoa, uso wake ukasinyaa. Binti akaanza kula. Akafua hata kanga mbili. Siku ya tano akamuuliza:

"Baba, mbona mimi nikipata nafuu wewe unanuna?"

"Sijanuna."

"Umenuna. Kama vile nimekula akiba yako."

Akamweleza basi. Binti akasikiliza mkono ukiwa tumboni. "Kumbe," akasema. "Basi tungoje wote." Na jioni ile alimshika baba yake mkono, akauweka mahali mtoto alipokuwa akipiga teke. Lilikuwa teke la haja, la mtu anayegonga mlango wake mwenyewe.

Homa ilirudi Ijumaa ya wiki ya pili, asubuhi, ikaja na hasira ya siku zote ilizolala. Mzee Povu alichoma kidole, akapaka kioo kipya, akakimbia. Dada alitazama wakati wenzake wanakunywa chai, akaviona vile vile, akaandika, akaipeleka karatasi wodini kwa mkono wake. Saa sita binti alikuwa kitandani na dawa iko mwilini. Saa nane mtetemeko ulianza. Walimfunika mablanketi matatu na kitanda bado kikagonga ukuta. Mpaka kesho yake asubuhi binti alikuwa hai, homa imekatika. Mtoto alizaliwa kabla ya jua kupanda, wa kiume, kamili kila kidole, bila sauti.

Daktari wa wodi alisema kama dawa ingeanza tangu homa ya kwanza, pengine. Akaishia hapo, kwenye pengine.

Mkuu alimwita Mzee Povu ofisini mchana. Hakugombeza hata kuhusu vile vioo. Fomu ya kuchukulia maiti ilikuwa tayari mezani, na bila muhuri wake mwili wa mtoto haukutoka. Mzee Povu akaisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na mahali palipoandikwa sababu akasimama.

"Hapa pameandikwa mgonjwa alichelewa kufika hospitali."

"Ndivyo tunavyoandika zote."

"Alichelewa wapi? Mimi nilisimama papa hapa, nikakuomba."

"Mzee," Mkuu akasema, na safari hii kiti hakikuzunguka, "unataka kumzika mjukuu wako, au unataka kubishana na karatasi?"

Wino ulikuwa wa zambarau. Mzee Povu akachovya dole gumba.

Wodini binti alikuwa ameketi, kanga imefungwa kifuani kwa nguvu kuzuia maziwa.

"Wamekubali?"

"Wamekubali. Tutamchukua jioni."

"Wameandika nini?"

Alitamani kumficha. Akashindwa.

"Wameandika umechelewa kufika."

Binti akamtazama usoni, kisha akautazama mkono wa baba, dole gumba bado la zambarau.

"Na wewe ukatia dole?"

"Nikatia, mwanangu."

Akajilaza pole pole, akageukia ukutani.