Jumamosi ya Mbuzi wa Posta

Shangazi aliomba miezi minane. Si utani, miezi minane mizima. Kila Jumapili alikwenda kwa kaka yake, akala, akaosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwomba aoshe, kisha akasema kwa sauti laini kabisa, "Wifi, Jumamosi niachie watoto niwapeleke sinema ya uwanjani." Na kila Jumapili wifi yake alipuliza chai yake akajibu, "Tutaona, wifi." Wenye mawifi wanaijua hiyo "tutaona".

Kisa chenyewe kilikuwa cha zamani. Miaka miwili nyuma aliachiwa mtoto mkubwa kwa saa moja tu, akaenda naye kununua vifungo. Sasa, shangazi huyu ni mshonaji, na mshonaji mwekee mbele trei ya vifungo uone kama atakumbuka hata jina lake. Alipogeuka, mtoto hayupo. Alipatikana duka la pili, amekaa juu ya kaunta kama mwenye duka, anakula biskuti za bure. Hakuna kilichomkuta, lakini nenda kamweleze mama yake! Na mama mwenyewe ni nesi wa wodi ya watoto, mtu ambaye kazini hahami kitanda kimoja kwenda cha pili bila kuhesabu vichwa.

Shangazi hakuwa na mtoto wake wa kuzaa. Hakuwa mtu wa kulialia kwa hilo, ila hawa watatu wa kaka yake aliwapenda mpaka siku nyingine alikuwa akiwafikiria huku anashona, akashtukia ameweka mkono wa kushoto upande wa kulia. Alitaka jambo moja tu duniani: aachiwe. Awe na siku yake nao, bila mtu mlangoni wa kumchungulia.

Basi mwezi wa tisa wa kuombwa, wifi alichoka, au alilainika, Mungu ndiye ajuaye. "Haya, mara moja," alisema, kidole juu. "Ukinirudishia watatu, wazima, Jumamosi zote ni zako. Ukikosea, wifi yangu, tusisumbuane tena na hiyo habari."

Shangazi alitoka pale akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Na akapata wazo. Ee, wazo hilo! Alijisifu nalo njia nzima. Kinachompotezea mtu mtoto kwenye umati ni kwamba gizani watoto wote hufanana. Yeye angewashonea nguo za kuonekana hata na kipofu. Dukani kwake alikuwa na kitambaa cha manjano, manjano ya kuumiza macho, chenye miamvuli myekundu. Kilikuwa mabaki ya oda kubwa. Mteja alimwachia kama asante. Akakata gauni mbili na shati moja, akashona kwa moyo wote.

Jumamosi jioni akawatoa. Mkubwa ni msichana wa miaka tisa, wanamwita Profesa kwa sababu hajawahi kusikia jibu likamtosha. Wa kati ni Bondia, mvulana wa miaka sita, na jina linajieleza. Wa mwisho ni Gololi, msichana wa miaka minne, macho mviringo na miguu isiyotulia. Watatu wa manjano, wanang'aa kama taa za barabarani. Wifi alisimama mlangoni akawaangalia wakiondoka.

"Shangazi, kwa nini sinema ya nje haina paa?" Profesa alianza hata kona haijafika.

"Ili kicheko kipate pa kutokea."

"Na mvua je?"

"Twende, mwanangu, twende."

Walipoingia lango la uwanja, shangazi alisimama ghafla mpaka Bondia akamgonga mgongoni. Mbele yao, kwenye nyasi, chini ya pazia kubwa jeupe la sinema lililofungwa kwenye vyuma, walikaa watoto wengi wa manjano. Gauni za manjano, mashati ya manjano, miamvuli myekundu kila mahali. Walikuwa arobaini. Alijua ni arobaini kwa sababu kila kola pale aliigeuza yeye kwa mkono wake.

Mteja wa ile oda alikuwa mwalimu wa chekechea. Alisema anataka nguo za matembezi. Shangazi alimuuliza vifua, viuno, urefu, vifungo au zipu. Mnakwenda kutembea wapi, hilo hakuuliza. Fundi gani huuliza nguo inakwenda wapi?

"Shangazi," alisema Profesa taratibu, "hili wazo lako…"

"Nyamaza kwanza, nafikiri."

Alifikiri, akapiga moyo konde. Kuwarudisha nyumbani? Miezi minane! Akatandika mkeka wake mbali kidogo na wale wa chekechea, akawapanga, akagusa vichwa: mmoja, wawili, watatu. Akaapa kimoyomoyo kwamba hatawaachia mikono hata nzi akimwingia sikioni.

Kiapo kilidumu dakika kumi. Jamaa wa kipaza sauti, mtu mwenye furaha iliyopitiliza, aliwasha muziki akapaza sauti, "Watoto wooote mbele, tucheze!" Wewe unaweza kumzuia mtoto wa miaka minne hapo? Uwanja mzima uliinuka. Gololi alichomoka kama sabuni mkononi, Bondia nyuma yake, na shangazi, badala ya kusimama awachunge kama mtu mzima, tuseme ukweli tu, alikwenda kucheza. Alicheza haswa! Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni, akaizungusha juu, watoto wakamshangilia, naye akazidi. Mwalimu wa chekechea mwenyewe alivua viatu.

Muziki ukazimwa, taa zikazimwa, kila mtu akakimbilia mkeka wake. Shangazi, pumzi juu, akapapasa vichwa gizani: mmoja, wawili, watatu. Alhamdulillahi. Filamu ikaanza.

Na filamu yenyewe, jamani! Mbuzi kaajiriwa posta. Kavaa kofia na mkoba, anagawa barua mtaa mzima, ila kila barua inayonukia vizuri anaila. Barua ya kodi haigusi. Ya mapenzi anaila na bahasha. Basi bibi harusi anasubiri barua, bwana harusi anasubiri jibu, na mbuzi katikati ameshiba. Shangazi alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akampiga Bondia begani, Bondia akampiga yeye. Watu wa mikeka ya jirani walikuwa wakimtazama yeye kuliko mbuzi. Ilikuwa raha ya namna ile ambayo mtu anasema kimoyomoyo, kumbe hivi ndivyo wenzangu wanavyoishi.

"Shangazi," Profesa alimvuta mkono. "Huyu si Gololi."

"Nani si Gololi?"

"Huyu anayekula karanga zetu."

Shangazi akainama. Mwanga wa pazia ukamulika uso wa mtoto wa kiume, mpole, shavu limejaa karanga. Ana shati la manjano na kaptura. Shangazi alikuwa amehesabu vichwa, hakuhesabu gauni.

"Wewe ni nani, baba?"

"Simba," alisema mtoto.

Shangazi akasimama wima katikati ya filamu, watu wakapiga kelele, "Kaa chini mama, hatuoni mbuzi!" Yeye hakusikia. Aliiona Jumapili inayokuja: sahani, chai, na wifi asiyesema hata "tutaona".

"Umepoteza kitu, wifi?"

Sauti ilitoka nyuma, mikeka mitatu hivi. Shangazi akageuka. Wifi alikuwa amekaa pale, amejifunika mtandio mpaka puani kama jasusi, na mapajani mwake amelala mtoto wa manjano, uso ameuzamisha kifuani.

"Nilijua tu," alisema wifi, na sauti yake haikuwa hata ya ukali, ndiyo maana iliuma. "Nimekaa nyumbani robo saa, roho ikakataa. Nimekuja nikakuta unacheza na tepu. Mwanangu anazurura peke yake pale pembeni gizani, nimembeba mwenyewe. Nusu saa nzima, wifi. Nusu saa hukujua!"

Shangazi alipiga magoti kwenye nyasi, machozi yakimlengalenga, yale ya mbuzi yakichanganyika na haya mapya. "Nisamehe, wifi. Kosa ni langu." Akanyoosha mkono amguse mtoto, japo mguu tu, kwa kuagana na Jumamosi zake.

Vidole vyake vikapita kwenye pindo la gauni, vikasimama. Vikarudi nyuma, vikapita tena.

"Wifi. Huyu siye."

"Siye nani?"

"Gololi. Pindo hili ni la cherehani. Zile arobaini nilizipinda zote kwa mashine, oda ilikuwa ya haraka. Za hawa wetu nilipinda kwa mkono, tena upana wa vidole vinne, ili wakirefuka niachilie."

"Wifi, usinitanie! Mimi nimkose mwanangu niliyemzaa?"

"Mgeuze uso."

Wifi akamgeuza. Uso ulikuwa wa mtoto mzuri sana, nywele za misuko miwili, kamasi kidogo, ambaye hakuna mmoja kati yao aliyewahi kumwona maishani. Mtoto akafumbua macho, akamtazama wifi vizuri, akasema, "Wewe si mwalimu," halafu akaangua kilio.

"Yesu wangu!" alisema wifi, mtandio ukaanguka. "Mimi? Mimi ninayefunga watoto vibandiko vya majina mkononi kila siku?"

"Mama ameiba mtoto," Bondia alitangaza, na alitangaza kwa sauti ya kufika mbali.

Hapo hakuna aliyembeza mwenzake. Wifi akambeba wa misuko, shangazi akambeba Simba, Profesa akamshika Bondia kola, wakakimbia wakiruka mikeka ya watu, samahani mama, samahani mzee, mpaka kwa mwalimu wa chekechea. Mwalimu naye alikuwa amesimama, rangi imempotea, anahesabu kwa kidole.

"Nina thelathini na tisa," alilia. "Jamani nimempoteza mmoja!"

"Umewapoteza wawili," alisema shangazi, akamkabidhi Simba. "Hawa hapa. Na mmoja katika hao ulionao ni wetu."

Mwalimu alitaka kuzimia na kushukuru kwa wakati mmoja. Wakamwita Gololi, lakini filamu ilikuwa imefika pale mbuzi anapokula barua ya polisi, na safu nzima ilikuwa inapiga mayowe. Hakuna mtoto aliyegeuza hata shingo. Basi wifi akaanzia kulia, akiwashika videvu mmoja mmoja, na shangazi akaanzia kushoto, akipiga magoti gizani, akipitisha vidole kwenye mapindo. Cherehani. Cherehani. Kaptura. Cherehani. Watoto walicheka wakidhani wanatekenywa. Wa kumi na moja, vidole vilizama kwenye pindo refu, la mkono, laini.

"Wifi!" alipiga ukelele uliomshtua hata jamaa wa kipaza sauti. "Huyu!"

Gololi alikuwa ameshikana mikono na rafiki mpya wa kila upande. Aliwatazama wote wawili kwa kuudhika. "Mimi nasoma hapa," alisema, akarudi kwa mbuzi wake.

Wifi alimkumbatia mtoto, kisha akakaa chini palepale, na shangazi akakaa. Wakatazamana. Sijui nani alianza. Nadhani ni wifi. Alitoa sauti fulani puani, halafu mabega yakaanza kumtikisika, na shangazi naye akapasuka, wakacheka wameegemeana kama walevi, mpaka mwalimu akacheka, na yule wa misuko akacheka na kamasi zake. Filamu ilipoisha hakuna kati yao aliyejua kama bibi harusi alipata barua.

Njiani kurudi, watoto wakiwa mbele, wifi alimshika mkono. "Wifi, tafadhali. Kaka yako asijue."

"Kwangu hayatoki," alisema shangazi. "Mimi pia nilimpoteza."

Ahadi ilikuwa watatu, wazima, na watatu walikuwa pale mbele wakimwigiza mbuzi; lakini alijua hakuwarudisha yeye peke yake, na hakuona kwa uso gani angedai kitu. Furaha ilianza kumtoka taratibu kadiri mlango ulivyokaribia.

Kaka yake alifungua akiwa na tambara begani. "Enhe? Shangazi yenu amewaweza?"

Profesa akafungua mdomo, na ungeona jinsi alivyojaza pumzi kwa ajili ya taarifa kamili. Mama yake akamtangulia.

"Nilimfuata kisirisiri," alisema wifi. "Nikambeba mtoto wa watu gizani nikamlaza kifuani, nikamgombeza wifi bure. Mimi niliyemzaa Gololi sikujua. Yeye alijua kwa kugusa pindo." Akashusha pumzi. "Ndiyo, amewaweza."

Kaka akatazama huyu, akatazama yule, akaamua kwamba chakula kinaungua jikoni.

Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, shangazi alikuwa dukani anafungua mshono, hategemei chochote, aliposikia miguu mingi barazani. Wifi alikuwa mlangoni, bado na sare za kazi, macho mazito ya zamu ya usiku. Aliwasukuma ndani watatu, mmoja mmoja.

"Nakwenda kulala," alisema. "Kesho asubuhi utawaleta, au mchana. Utakavyoona."

Akaachia mkono wa Gololi, akashuka ngazi. Shangazi alisimama barazani na sindano mdomoni, akimsindikiza kwa macho, akisubiri ageuke kuchungulia. Wifi alipita duka la vifungo, akapita lango la shule, akafika kwenye kona akipiga miayo, akakata bila kugeuka.