Lita Sifuri Nukta Tatu

Kaka yangu ananizidi mwaka mmoja, na sidhani kama amewahi kunisamehe kwa kuzaliwa. Tumeshindana tangu utotoni: nani amalize chakula kwanza, nani aote jino kabla ya mwenzake, nani asifiwe na Mama mbele ya wageni. Kwa hiyo miezi sita iliyopita, tulipoamua kununua magari ili tuweze kumtembelea Mama, hakuna aliyeshangaa kuona tumenunua mawili ya aina moja, wiki moja, kwa muuzaji mmoja. Langu jekundu, lake la kijivu. Ni haya ya haibridi ya kuchaji: unalichomeka kwenye soketi ukirudi nyumbani, asubuhi linakwenda kwa umeme kilomita hamsini hivi, na beteri ikiisha injini ya petroli inashika kazi.

Mama anaishi peke yake, kilomita tisini kutoka kwetu. Tulipanga zamu. Jumamosi moja naenda mimi, Jumamosi inayofuata anakwenda kaka.

Basi Jumapili moja kaka akatuma picha ya dashibodi yake kwenye kundi la familia. Wastani wa miezi sita: lita sifuri nukta tatu kwa kilomita mia. Chini yake akaandika, "Wengine wanaendesha gari, wengine wanalilisha." Mjomba akacheka kwa maandishi. Wifi yangu, mke wa kaka, akaweka vikopa. Mimi nilishuka mpaka nje na nguo za kulalia, nikawasha gari langu, nikasoma. Lita mbili kamili. Gari lilelile, safari zilezile, na mimi nakunywa karibu mara saba yake!

Niseme ukweli, iliniuma. Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha rangi. Kazi yangu ni kujua kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na kopo moja likikosekana sipati raha mpaka nijue limekwenda wapi. Niliona ama gari langu ni bovu, ama kaka ana ujanja anaonificha. Nikachagua la ujanja, maana kaka namjua.

Lakini wiki hiyo haikuwa ya kucheka. Mama alikuwa ameanza kusahau. Mara mbili aliacha jiko linawaka, na siku moja alimwita jirani kwa jina la dada yake aliyefariki. Daktari alitupa fomu ya maswali kumi na mawili, ijazwe na mtu anayemwona mara kwa mara, na Jumamosi iliyokuwa mbele Mjomba angetukalisha chini tuamue. Kama akili ya Mama haitegemeki tena, angehamia chumba cha uani kwa kaka na nyumba yake ingeuzwa. Mnunuzi alishakuja mara mbili kupima madirisha. Mama alisema neno moja tu kuhusu jambo hilo: "Humu nitatoka nimebebwa."

Fomu niliijaza mimi. Swali la saba liliuliza kama mgonjwa husahau mambo muhimu ya karibuni. Niliandika kwa mkono wangu: "Ndiyo. Husahau kabisa kwamba mwanawe wa kiume huja kumtembelea."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila zamu yangu, kabla sijavua viatu, Mama alinipokea kwa maneno hayohayo. "Kaka yako hajaja." Nami nilimwambia, "Mama, alikuja Jumamosi iliyopita." Akanitazama, kisha akaenda kuchemsha chai. Nikirudi nikimsimulia kaka, anashusha pumzi. "Maskini Mama. Nimekaa naye saa nne nzima." Daktari, mimi na Mjomba sote, hakuna kilichotutisha kama hicho. Jiko mtu yeyote anaweza kulisahau. Lakini mama kumsahau mwanawe!

Jumatatu nikampigia Mama simu. Nilikuwa nimeshapata jawabu la ujanja wa kaka: anachomeka gari kwa Mama. Umeme wa nyumba ile nanunua mimi, yeye anajaza beteri bure, kisha anakuja kututambia kwenye kundi. Nilikuwa nimechemka.

"Mama, kaka akija huwa anachomeka gari lake ukutani?"

"Gari gani?"

"Gari lake, Mama. La kijivu."

"Sijaliona mimi. Kaka yako hajaja."

"Mama!"

"Hajaja, mwanangu. Hata umeme ulioninunulia mwezi uliopita bado upo. Nikusomee mita?"

Mtunza stoo mzima ninaambiwa mzigo bado upo stoo, na sikusikia. Badala yake nilimkaripia. "Mama, sikiliza. Jumamosi Mjomba atakuuliza. Akikuuliza kama kaka huja, sema huja. Usitutie aibu. Ukisema hajaja watasema akili yako imekwisha, nyumba itaondoka. Umenielewa?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Nimeelewa." Nikakata simu nikijiona binti mwema aliyempa mama yake mbinu ya kufaulu mtihani.

Jumatano nikapeleka gari kwa fundi. Ni mtu mfupi, mpole, ana daftari kubwa lenye alama za vidole vya grisi, na magari yetu yote mawili anayahudumia yeye. Aliyakagua siku tulipoyanunua na ameyabadilisha oili mwezi huu. Nikamweleza kwamba gari langu linakunywa.

Aliisikiliza injini. Akachomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma. Akatazama matairi, akazungusha gurudumu moja kwa mkono. Mwisho akapangusa mikono.

"Dada, gari lako zima. Lita mbili kwa safari zako ni nzuri sana. Usiniletee ugonjwa usiokuwepo."

"La kaka yangu linakula sifuri nukta tatu."

"Najua. Linakula hivyo kwa sababu halitoki mjini."

"Halitoki vipi? Anakwenda kwa mama yetu kila zamu yake, kama mimi. Ila nadhani anachaji kulekule."

Fundi akacheka. "Hata akichaji kule. Beteri inampa hamsini kwenda na hamsini kurudi. Safari ni mia na themanini. Hizo themanini zilizobaki analisukuma?" Akaona sicheki naye. "Isitoshe, oili yake nilipoimwaga ilikuwa safi, ungeweza kukaangia samaki. Injini ile haijafanya kazi. Nilimwambia awe anaiwasha kidogo, petroli isije ikazeeka kwenye tangi."

"Una kilomita zake?"

Hapo alisita. Nadhani aliona usoni kwangu kwamba hatuzungumzii magari tena. Lakini daftari lilikuwa wazi mezani, na kusoma daftari la mtu kichwa chini ni sehemu ya kazi yangu. Tangu siku ya kununua, langu lilikuwa limekwenda elfu nne mia nane. Lake, elfu mbili mia sita na ushei.

Sote wawili tunafanya kazi mjini, umbali unalingana. Nilitoa lake kwenye langu. Ikabaki elfu mbili mia moja na kitu. Nikagawa kwa mia na themanini. Kumi na mbili, kasoro kidogo. Zamu za kaka katika miezi sita ni kumi na mbili.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kaka ilikuwa fupi kwa kilomita elfu mbili, na aliipiga picha mwenyewe akatutumia, kwa sababu hakuweza kuvumilia siku moja ipite bila kunishinda.

Nilikaa kwenye benchi la fundi. Sikumfikiria kaka kwanza. Nilifikiria jinsi Mama alivyokuwa akinitazama kabla ya kwenda kuchemsha chai. Kumbe ule ulikuwa mtazamo wa mtu anayejua anasema kweli na anaona haaminiwi. Mara kumi na mbili ningeweza kumuuliza jirani, na sikuuliza hata mara moja. Nilikuwa na jibu tayari.

Kaka ana duka la miwani. Alhamisi mchana nilimkuta peke yake, anasugua kioo kwa kitambaa. Sikumsalimu.

"Jumamosi huwa unakwenda wapi?"

"Kwa Mama. Kwani vipi?"

"Kilomita elfu mbili mia sita, kaka. Fundi ana daftari."

Aliendelea kusugua kioo kilekile ambacho kilikuwa safi. Kisha akakiweka chini polepole.

"Kwenye maegesho," alisema. "Pale kwenye duka kubwa, kuna soketi za kuchaji magari. Nachomeka, nakaa ndani. Saa nne, saa tano. Kisha narudi nyumbani."

"Wifi anajua?"

"Hajui mtu. Mara ya mwisho nilikwenda kwa basi, kabla ya magari. Alinifungulia mlango akaniita kwa jina la Baba. Akaniuliza mbona nimechelewa kazini. Akanipakulia chakula, akakaa kunitazama nikila, anatabasamu vile alivyokuwa akimtabasamia Baba. Sikuweza kumwambia mimi siye. Nikala nikaondoka. Jumamosi iliyofuata nikawasha gari, nikafika kwenye maegesho, nikashindwa."

Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikanikasirisha zaidi. "Ungesema! Ungesema umeshindwa, ningekwenda mimi kila wiki. Badala yake umekaa kimya tukamwandika Mama kichaa kwa ajili ya safari zako za uongo!"

"Anasahau kweli, mdogo wangu. Hilo silo uongo."

"Anasahau jiko. Wewe hajakusahau. Kwa miezi sita mizima ni yeye peke yake aliyekuwa anasema kweli."

Akafunika uso kwa mikono. Halafu akaniomba nisimwambie Mjomba. Acha kikao kipite, alisema. Mama akishahamia kwake atamwona kila siku, atalipa yote.

"Umeshindwa mara mbili kwa mwezi," nikamwambia, "kila siku utaiweza?"

Sikungoja jibu. Mtu anauza macho kwa watu mchana kutwa, lakini kumtazama mama yake kulimshinda. Nilitaka kumwambia hivyo vilevile, nikameza. Baadaye nilifurahi kwamba nilimeza.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini nikaondoka mapema. Beteri iliisha nikiwa katikati ya njia, injini ikaamka kwa mlio wake wa kukwaruza koo, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu. Nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia Mama, nisamehe. Nitamwambia, ulikuwa unasema kweli, mimi ndiye niliyekuwa kipofu. Nitaikata ile sentensi ya swali la saba mbele ya macho yake, na kesho nitamwambia Mjomba mwenyewe, kaka apende asipende. Jiko tutaliwekea kifaa cha kujizima. Nitakuja kila Jumamosi. Nyumba haiuzwi.

Mama alikuwa mezani, amevaa gauni lake la wageni ingawa ilikuwa Ijumaa tu na hakujua kama nakuja. Nywele amezichana, amezifunga vizuri. Mbele yake palikuwa na kalenda ya ukutani, ameiteremsha, na kalamu. Nilimbusu shavuni. Hakusema kwamba kaka hajaja. Nilisubiri aseme, maana nilikuwa na jibu sasa, lakini alinitazama tu mikono.

Nikafungua mkoba, nikatoa fomu.

Alipoiona karatasi alikaa wima. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza, vidole pamoja.

"Leo ni Ijumaa," alisema.

"Mama, subiri, si hivyo..."

"Leo ni Ijumaa. Mwezi ni huu hapa. Jiko nimelizima, nimelitazama mara mbili. Dada yangu amefariki, jirani si dada yangu." Alikuwa anasema upesi, macho yakiwa kwenye karatasi. "Na mwanangu wa kiume huja. Alikuja Jumamosi. Alikaa kiti hicho. Alikunywa chai, vikombe viwili, sukari kidogo. Tulizungumza saa nne. Gari lake aliliegesha pale nje, chini ya dirisha."

"Mama."

"Gari jekundu," akasema.

Nikageuka nikatazama dirishani. Gari jekundu pekee lililowahi kuegeshwa pale lilikuwa langu, na lilikuwa bado linatoa joto.

Mama alinyoosha mkono, akagusa ukingo wa ile fomu kwa kidole kimoja, kisha akainua uso akanitazama kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona kwake, hata siku tulipomzika Baba.

"Nimejibu vizuri?" aliuliza.