Maswali ya Kabula Kuhusu Mlima

Sijawahi kuuona Mlima Kilimanjaro, lakini siku moja mwaka 1994 ulinichosha miguu nikiwa hapahapa Ugalla.

Shadrack alikuja na wajomba zake kumposa Nyanzala, binti wa marehemu kaka yangu Malale. Tuliambiwa kijana ni mpagazi wa watalii huko Kilimanjaro. Nyanzala alishamkubali, kilichobaki ni neno la mama yake, shemeji yangu Kabula. Naye Kabula aliapa hampi binti yake mtu wa kufa kwa kupanda vitu, maana ujane anaujua. Sasa kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe hawakai uso kwa uso. Kwa hiyo yeye akakaa jikoni, sisi uani, nami Manyanda, mtu mzima na magoti yangu, nikawa wa kubeba maswali.

La kwanza lilikuwa: huko juu kuna nini?

"Barafu, baba," akasema Shadrack.

Nikapeleka. Kabula akaacha kusonga ugali. "Bashiru muuza barafu wa Majengo, yake inatoka kwenye friji ya mafuta ya taa. Huko mlimani nani anatia mafuta?"

Nilirudi nikiona aibu, lakini kijana hakucheka, na hapo nikaanza kumpenda. Akaeleza kwamba baridi ya kule inatosha yenyewe. Barafu ni nene kuliko nyumba, ina nyufa za kummeza ng'ombe, tena inateremka, polepole mno, hatua chache kwa mwaka.

"Inateremka kwenda wapi?" Hilo halikutoka jikoni. Niliuliza mwenyewe.

Akakusanya mchanga ukawa kichuguu, akanyunyiza unga kileleni, akachora njia kwa kijiti. Marangu, yenye vibanda vya kulala. Machame, inayozunguka sana. Umbwe, ya kupanda wima. Ya nne aliigusa tu: inapita chini ya barafu yenyewe, upande wa magharibi.

Kichuguu hakibebeki, nikakisimulia jikoni nikachanganya yote. Kabula akanikata: "Yeye kapita ngapi?"

"Tatu," akajibu Shadrack. "Ya nne niliishia nusu."

"Muulize kwa nini nusu."

Nilimuuliza. Akakitazama tu kijiti chake. Nikarudi jikoni kusema hajibu, nikapishana na Kabula mlangoni, mwiko mkononi. Wajomba wa kijana wakainamisha macho. Miaka yote niliyomfahamu, shemeji hajawahi kuvunja mwiko wowote wa kwetu. Alisimama mbele ya kile kichuguu, akakitazama chenyewe, kijana hakumtazama.

"Nusu kwa nini?"

"Jua lilikuwa limepanda, mama. Likipanda, barafu inalegea na mawe yaliyoshikwa nayo yanadondoka. Mtalii alitaka twende tu, kilele kilikuwa karibu. Mimi nilitua mzigo, nikashuka."

"Wakakufanya nini?"

"Walinifukuza. Tangu mwezi wa pili sina kazi. Niliogopa kuwaambia nyie."

Mjomba wake mmoja akaguna. Nami nikasema moyoni, posa imekufa: hana kazi, na amekuja kwetu akiwa amelificha hilo.

Kabula akanigeukia. "Shemeji, siku ile ya mvua, wakati mnatundika mizinga ya nyuki. Ulimwambia Malale nini?"

Miaka sita hakuwahi kuniuliza, na mimi miaka sita nilikuwa naliogopa swali hilo. Mimi ndiye niliyeshika kamba chini ya ule mti siku alipodondoka Malale.

"Nilimwambia ashuke," nikasema. "Tawi lilikuwa linateleza."

"Akasema?"

"Akasema bado mzinga mmoja tu." Machozi yalinitoka mbele ya wageni, wala sikuyafuta.

Kabula aligeukia mlango wa nyumba. Kisha akaita kuelekea ndani.

"Nyanzala, lete maji. Mumeo anawe mikono."