Mstari wa Ozite

"Huyu ni Joseph Cormier wa tatu leo," alisema Bwana Harkness, akaweka kalamu chini. "Na nyuma yake naona wamesimama wengine sita."

"Hata farasi wangu ningemwita Joseph," mtu mmoja akajibu kutoka kwenye foleni. "Padri ndiye aliyekataa."

Darasa zima likacheka. Siku hiyo shule ya Anse-aux-Foins ilikuwa kituo cha kupigia kura, na madawati yalikuwa yamesogezwa ukutani. Bwana Harkness, msimamizi aliyeletwa kutoka mjini, hakucheka. Kifaransa chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, na utani ulimpita. Orodha yake ilikuwa na Joseph Cormier tisa, mmoja chini ya mwenzake, bila jina la baba wala babu.

"Napinga," alisema Purdy, wakala wa mgombea wa mjini. "Nani atatuhakikishia kwamba si mtu mmoja anayebadilisha kofia?"

"Kofia tisa! Wewe unatuona matajiri, eti?"

"Sifroi anatujua wote. Muulizeni Sifroi!"

Sifroi Allain alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni, daftari kubwa magotini. Alikuwa mgombea, na mara iliyopita aliingia bungeni kwa tofauti ya kura sita. Alijua uzito wa kura tisa za akina Joseph bila kuambiwa.

Alijifunza kusoma akiwa na miaka ishirini na miwili, kwenye kuta za nyumba yao, ambako mama yake alibandika magazeti kuzuia baridi. Baadhi ya kurasa zilikaa kichwa chini, na mpaka leo, akikutana na jambo gumu, Sifroi huinamisha shingo upande. Baadaye aliyaandikia magazeti hayohayo. Lakini kazi aliyoipenda kuliko hotuba na makala ilikuwa daftari hili. Tangu mababu walipofukuzwa na askari, wakapakiwa melini na makanisa yao kuchomwa pamoja na vitabu vya ubatizo, watu wa pale walibeba nasaba zao mdomoni: Sifroi wa Marc wa Placide, Joseph wa Thaddée wa Fabien. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili baada ya misa, alizunguka jikoni kwa watu, akiuliza na kuandika. Kanuni yake ilikuwa moja. Hakuandika jambo mpaka alisikie kwa watu wawili, kila mmoja peke yake.

Alilileta daftari mezani. Bwana Harkness alilifungua, akasoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili. Uso wake ukalegea.

"Kazi nzuri sana hii, Bwana Allain. Nitaipokea iwe ushahidi. Uape tu kwamba kila kilichomo ni kweli."

"Na mstari mmoja ukiwa wa uongo," Purdy akaongeza, "daftari zima halifai."

"Hiyo ni haki," alisema msimamizi.

Sifroi aliinamisha shingo. Hakuhitaji kufungua ukurasa wa sitini na moja kuukumbuka mstari wenyewe. Joseph, mwana wa Calixte Cormier na Ozite, waliofunga ndoa tarehe kumi na mbili Februari. Ndoa hiyo hakuisikia kwa watu wawili, wala kwa mmoja. Aliitunga mwenyewe, mwaka ule Joseph alipokwenda kuposa na wazazi wa binti wakaomba kuiona nasaba yake. Joseph mwenyewe alikuwa wa nne kwenye foleni, mtu mrefu wa miaka arobaini na saba, akiikunja kofia yake mkononi.

"Siwezi kuapa," alisema Sifroi.

Mtu akaguna. "Sifroi, umeingiwa na nini?"

"Kuna mstari mmoja wa uongo. Niliuandika nikijua."

"Upi?" aliuliza Bwana Harkness.

"Huo sitausema."

Purdy alitabasamu, akanyoosha mkono kulifunga daftari. Akina Joseph kwenye foleni wakatazamana. Yule wa nne peke yake akatazama sakafu.

"Hebu toa mkono wako hapo, bwana."

Sauti ilitoka nyuma, penye sufuria. Shangazi Ozite, kama kijiji kizima kilivyomwita, alikuwa amewaletea wapiga kura madonge ya viazi vya kukunwa yenye nyama ya nguruwe ndani. Wanawake hawakuwa na kura; kwenye uchaguzi walikuja na masufuria. Alikuja mezani na mwiko mkononi.

"Mstari huo ni wangu. Ndoa haikuwepo. Calixte alizama na mashua wiki tatu kabla ya siku yetu, na huyu tayari alikuwa tumboni." Akamgeukia Sifroi. "Na wewe! Nilikuomba uniozeshe?"

"Hukuniomba, Shangazi."

"Umeniozesha miaka yote hii bila hata kunialika harusini."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Joseph alikuwa ameinua uso.

"Mama, si lazima," alisema.

"Lazima ni nini? Mimi ndiye niliyekulea, kwa nyavu za kushona na mikono hii. Bwana msimamizi, andika: Joseph wa Ozite. Tafuta mwingine mwenye jina hilo pwani yote hii. Ukimpata, mimi nitakula mwiko huu."

Bwana Harkness alilisogeza daftari upande wa pili wa meza. Kisha akamsukumia Sifroi kidau cha wino.

Sifroi aliikata ndoa kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika upya taratibu, herufi kwa herufi. Baada ya hapo aliapa, na sauti yake ikafika mpaka mlangoni. Joseph alipoitwa kwa jina lake zima alisogea mezani, kifua mbele, akachukua karatasi yake ya kura.

Ozite hakujua kusoma. Aliinama juu ya daftari.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Hapa, Shangazi."

Aliweka kidole juu ya jina kabla halijakauka, akakiacha hapo kidogo. Kisha akarudi kwenye sufuria yake, akaanza kuwapakulia akina Joseph waliokwisha kupiga kura, ncha ya kidole ikiwa nyeusi kwa wino. Aproni ilikuwa kiunoni, safi, tayari kwa kufutia mikono. Hakuigusa.