Samaki Aliyefunga Ramadhani

Kuchoka kuna mwisho, husema watu ambao hawajawahi kuchoka. Swalehe alikuwa amechoka tangu Kilwa. Alikwenda huko kuuza nta yake, akakamatwa kwa upagazi, akatwishwa bakuli la kioo lenye samaki mmoja wa rangi ya boga, akaambiwa afike nalo Songea, na samaki awe hai. Wenzake katika msafara walibeba masanduku, na kambi ilipopigwa walilala. Yeye ndipo alipoanza kumtafutia samaki maji. Jamani! Mtu mzima, Myao wa Tunduru, ana mke na shamba, leo yaya wa samaki!

Na baada ya taabu yote hiyo, walipofika Songea samaki mwenyewe akaumwa. Alielea ubavu, tumbo limevimba, mdomo juu ya maji akitweta. Bwana mkubwa wa boma, Mjerumani mwenye Kiswahili cha kuvunjavunja, alimwita Swalehe barazani akamwonyesha bakuli kwa fimbo.

"Wewe umeleta. Wewe tengeneza. Samaki mzima, wewe kwenda kwenu. Samaki kufa, wewe mnyororo."

Mnyororo wenyewe ulikuwa pale nje, haukuhitaji kuelezwa. Wangoni waliosalia baada ya vita vya maji walifungwa shingo kwa shingo, wakipasua mawe juani. Na kwao Swalehe alikuwapo Mwamvua, mkewe, aliyemwacha na mimba kubwa. Mtoto sasa labda anatambaa, na baba hajui hata kama ni wa kiume au wa kike. Alikuwa amemwahidi Mwamvua kwamba Idd itawakuta pamoja, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeshaandama. Basi samaki lazima apone.

Alianza kwa kosa la watu wenye njaa. Mwaka ule maghala yalikuwa yamechomwa na watu walichimba mizizi porini. Ukimwona mtu hoi, dawa yake ni chakula, nani asiyejua? Kila alipoamka kula daku, Swalehe alikata nusu ya ugali wake wa ulezi akaufikichia bakulini.

"Kula, baba, upate nguvu."

Samaki akala. Maji yakawa kama togwa, na tumbo likazidi kuvimba.

Aliyemfumania ni Natalia, mpishi wa boma, mama wa Kingoni ambaye mumewe alinyongwa vita vilipokwisha.

"Una wazimu wewe?" alifoka. "Songea nzima ina njaa, aliyevimbiwa ni huyu peke yake! Huu si mwezi wenu wa kufunga? Basi mfungishe na yeye. Na umbadilishie maji, yananuka."

"Hata chembe nisimpe, dada?"

"Hata chembe." Akalitazama bakuli muda mrefu. "Mume wangu alinyweshwa maji, akaambiwa risasi haitamwingia. Akanyongwa na maji hayo tumboni. Leo hili lidudu lao ndilo lichotewe maji lipone. Ningekuwa peke yangu ningelikaanga. Lakini nenda kachote, mdogo wangu. Wewe una mtoto."

Kuchota nako kulikuwa na balaa lake. Maji ya pipa yalikuwa yameoza kwa joto, ikabidi yatoke katika kijito kinachoshuka mlima Matogoro. Lango la boma halikufunguliwa kabla ya jua kuchomoza, na lilifungwa kabla halijazama. Tena, tangu vita vile, mtu mwenye kibuyu cha maji alitazamwa kama mtu mwenye bunduki. Amri ilikuwa moja: anayeingiza maji bomani ayanywe kwanza mbele ya askari, ijulikane si dawa.

Askari wa zamu alikuwa Farajala, Mnubi, midomo yake imekauka kwa saumu.

"Kunywa."

"Nimefunga, ndugu yangu. Nawe umefunga, nakuona."

"Nimefunga. Lakini bwana anatutazama. Kunywa, au mwaga urudi."

Swalehe akaitazama njia ya Namtumbo, ile inayoelekea mashariki, kwao. Miguu yake ilikuwa ya Wajerumani, kichwa chake kilikuwa cha Wajerumani, hata usingizi aliulala kwa ruhusa yao. Saumu ndiyo iliyokuwa imebaki yake mwenyewe. Akainua kibuyu akanywa, na machozi yakamtoka. Farajala aligeuza uso.

"Mungu anaona," alisema. "Pita."

Ikawa hivyo mchana baada ya mchana. Samaki alifunga, Swalehe alifungua. Alijipoza moyo kwamba atazilipa zote nyumbani, Mwamvua akimpikia futari na mtoto akimpanda magotini.

Na kweli samaki akashika njia ya kupona. Tumbo likanywea, akasimama wima, mkia ukaanza kucheza. Siku alipozunguka bakuli lote bila kutweta, Swalehe alipiga kelele kwa furaha. Akakimbia, mwenyewe, kwa miguu yake, kumwita bwana mkubwa. Laiti mtu angemshika shuka!

Bwana aliinama, akatabasamu, akampiga Swalehe begani.

"Mzuri sana! Wewe mganga wa samaki. Mtu kama wewe hapana kwenda. Kaa hapa, samaki asiumwe tena."

"Bwana, ulisema akipona..."

"Kaa."

Natalia aliposikia aliweka mwiko chini.

"Akifa mnyororo, akipona kifungo," alisema. "Pole, mdogo wangu. Pole sana."

Mwezi wa Idd ukaandama, Mwamvua akauona Tunduru, Swalehe akauona Songea. Farajala alimpa mkono wa Idd langoni, na siku hiyo maji aliyanywa bila dhambi.

Sikukuu ilipopita alinuia kuanza kulipa. Kama hakupewa ruhusa ya kwenda nyumbani, atalipia hapohapo. Aliamka, akala daku, akatia nia. Jua lilipopanda akachukua kibuyu, maana maji ya bakuli yalikuwa yameanza kuchafuka, akaenda kijitoni, akarudi taratibu, midomo mikavu.

Farajala alimtazama midomo.

"Unalipa?"

"Nalipa."

Askari akageuka kutazama nyuma. Bwana mkubwa alikuwa barazani, mkono juu ya bakuli lake, akiwaangalia. Farajala akarudisha macho chini.

"Kunywa," alisema.