Dado Lililoegemea Kilima

Meza ya Lowoi haikuguswa. Tangu mwaka wa sabini na nane, yeye na mkewe Everline walikuwa wakila wamepakata sahani, maana mezani palikuwa na vita. Palikuwa na askari wadogo wa risasi iliyoyeyushwa kutoka kwenye betri kuukuu za lori, na kilima cha udongo. Kwenye kilima hicho lilikuwa limeegemea dado la mfupa wa ngamia, halikulala wala halikusimama.

"Bwana yangu ana bibi wawili," Everline aliwaambia majirani wa mtaa wa Chechelesi, Isiolo, "na ule mwingine ni meza."

Aliyelirusha dado hilo ni Shuriye, rafiki wa Lowoi tangu shuleni. Mchezo huo wa vita walifundishwa na mwalimu mgeni, ambaye alipoondoka aliondoka na kitabu chake cha sheria, akawaachia ubishi. Walibishana mpaka wakachoka, wakajitungia sheria moja: jambo lisipoeleweka, aamue yule atakayeumia.

Siku aliyolirusha, Shuriye alihitaji sita ili aiteke ngome ya Lowoi juu ya kilima. Sita ikaja, lakini imeinama. Ihesabiwe, au dado lirushwe tena? Uamuzi ulikuwa wa Lowoi. "Ngoja mpaka kesho," akasema, kwa maringo tu. Kesho yake Shuriye alipata kazi ghafla kwenye lori la mjomba wake, na kutoka safari hadi safari akajikuta Jeddah.

Lowoi alimkumbuka mno. Jioni alikaa mbele ya meza, akapangusa vumbi kwa unyoya wa kuku huku akilisema jibu lake kwa sauti: lirushwe tena. Lirushwe tena, mchezo uendelee, na Shuriye akae.

Miaka ilipita. Asubuhi moja lori lilisimama nje, na Shuriye akaingia, amenenepa, ndevu zimeanza kuota mvi.

"Lowoi! Habari ya siku mingi?"

Walikumbatiana mpaka Everline akatazama kando.

"Nimekuja kuchukua mama," Shuriye akasema. "Sisi wote tumehama, ndugu yangu. Hapa Isiolo hatuna mtu tena." Kisha akaiona meza. "Wewe! Hukutoa?"

"Nilikuwa sijaamua."

"Na sasa?"

Nje, honi ilipigwa. Lowoi aliliinamia dado.

"Ni sita," akasema. "Ngome ni yako."

"Uongo. Ulitaka nirushe tena. Mimi nakujua."

"Ndiyo. Lakini kama unahama, utarushia wapi?"

Lowoi alimng'oa kapteni wa ngome, akamtia kiganjani mwa rafiki yake pamoja na dado, akamkunja vidole. Akabaki mlangoni hadi mlio wa lori ulipokwisha.

Mchana aliwakusanya askari waliobaki, akawatia mkebeni. Jioni Everline aliosha meza, akaandaa ugali juu yake, akavuta viti viwili. Lowoi alichukua sahani yake, akaenda kwenye kigoda chake cha siku zote, akala ameipakata.