Kideri kwa Mama Seif

Mimi nina hasira za karibu, na asubuhi ile Mama Seif alinipa sababu. Kuku wake walikuwa wanakufa, nami nikaenda kumpa pole kama jirani yeyote wa Misugusugu. Akanizuia getini kwa ufagio.

"Baba Jenifa, usiingie! Ni kideri. Viatu vyako vitakibeba mpaka bandani kwako."

"Nimekuja kukupa pole, unanifukuza kama kibaka?"

"Pole nimeipokea. Zunguka huko kwenye michongoma ya mpakani nikwambie kitu."

Nikazunguka huku nanung'unika. Upepo wa asubuhi hutoka kwake kuja kwangu, na harufu ya mabanda yake niliipata vizuri tu.

"Unasikia wanavyokohoa? Upepo huo ndio utakaokuletea ugonjwa," akasema. "Wako umewachanja?"

Tangu mwaka jana nilikuwa nasema kesho.

Akainua chupa ndogo ya chanjo, aliyoifuta kwa dawa na kuifunga kwenye mfuko. Alikuwa ameinunua Mlandizi kwa ajili ya kuku wake mwenyewe, na ndiyo pekee iliyokuwa imebaki dukani.

"Lakini kuku wa banda lako la pili bado ni wazima," nikamwambia. "Wachanje hao!"

"Wameshavuta hewa hii hii, nimechelewa. Wako hakuna aliyekohoa. Daka!"

Nikadaka. Mpaka adhuhuri alisimama upande wake akinielekeza: tone moja, jicho moja, ngoja apepese ndipo umwachie. Kisha akaniamuru nifunge turubai upande wa upepo. Nilipokosea alinifokea, nami na mvi zangu nikaitikia, "Sawa, mama."

Siku ya tatu banda lake la pili likaanza kukohoa. Kila siku alichimba shimo peke yake na kufukia, hataki mtu amsogelee. Sijawahi kuona moyo kama ule, nasema bila haya. Mimi nisingeitoa chupa ile.

Wiki mbili zikapita. Akaja kwenye michongoma, amekonda.

"Wako wanakohoa?"

"Hata mmoja."

"Hebu niwasikie."

Tukatega masikio. Jogoo wangu akawika, kuku wakatetea. Upande wake hapakuwa na mlio wowote.

"Alhamdulillahi," akasema. Ndipo akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga, akawalilia wake.